Kikopo cha Mkojo: Mafigo Yako Yanasema Nini?

Ndugu mfanyakazi, siku ya kupimwa afya muuguzi anakupa kikopo na kukuambia: «Nenda ulete mkojo.» Wengine wanacheka. Wengine wanaogopa: wanatia maji ya robine ndani ya kikopo, ao wanaomba mkojo wa mwenzao, kwa hofu ya kuondolewa kazini. Mwenye kufanya hivyo anafikiri amemdanganya muganga. Kumbe amejidanganya yeye mwenyewe. Soma upate kujua sababu.

MAFIGO NI NINI?

Kila mtu ana mafigo mawili. Yanakaa nyuma ya tumbo, kwenye mbavu za chini, moja kuume na moja kushoto ya uti wa mgongo. Figo lina umbo la punje ya maharagi, urefu wa santimetri 10 mpaka 12, na uzito wa gramu 150 hivi. Ni kitu kidogo, lakini kila dakika karibu litri moja ya damu inapita ndani ya mafigo hayo mawili.

Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Waganga wanaviita nefroni. Kila nefroni ina sehemu mbili. Ya kwanza ni fundo la mishipa myembamba ya damu. Hapo maji ya damu yanachujwa, pamoja na chumvi, sukari na takataka za mwili. Chembe za damu na protini ni kubwa, hazipiti. Sehemu ya pili ni mrija. Hapo mwili unajirudishia vyenye faida: sukari, chumvi nyingi na karibu maji yote. Takataka zinabaki, nazo ndizo mkojo.

Wewe unayesafisha mawe ya shaba unaijua kazi hii: madini yanashikwa, udongo unatupwa. Tena angalia hesabu. Kwa siku moja mafigo yanachuja litri 180 hivi, lakini unakojoa litri moja na nusu hivi tu. Zingine zote zinarudi katika damu.

Mafigo yanaongoza vilevile tansio ya damu, na yanatuma habari mifupani ili damu mpya itengenezwe. Kwa hiyo mtu mwenye mafigo mabaya mara nyingi tansio yake inapanda na damu yake inapunguka.

LABO INATAFUTA NINI?

Katika mkojo wanatafuta vitu visivyopaswa kuwamo. Protini ikionekana tena na tena, ni alama kwamba kichujio kimetoboka. Sukari inaweza kuonyesha ugonjwa wa sukari. Damu inaweza kutoka kwa mafigo yenyewe, kwa mawe ya figo ao kwa bilarzi.

Katika damu wanapima urea na kreatinini. Kreatinini ni takataka inayotoka katika nyama za mwili, na mafigo yanaitupa kila siku. Kwa mwanaume mzima ni karibu miligramu 7 mpaka 13 katika litri moja ya damu. Ikipanda, mafigo yameshindwa kutupa. Kwa kufuata kreatinini, umri wako, na kama wewe ni mwanaume ao mwanamke, muganga anahesabu nguvu ya mafigo. Juu ya 90 ni vizuri, kama mkojo nao ni safi. Ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu, ni ugonjwa. Chini ya 15, mafigo yamekaribia kufa.

Sasa sikia neno kubwa: figo linaharibika bila kuuma. Kreatinini inaweza kukaa vizuri mpaka karibu nusu ya nguvu ya mafigo imepotea. Mara nyingi protini katika mkojo ndiyo inatangulia kuonekana. Ukileta mkojo wa mwenzako, umeifunga kengele ya kwanza kinywa. Utaisikia ya mwisho, wakati inabaki mashine ya kusafisha damu, yenye bei kali na isiyopatikana kila mahali.

MAMBO YA KUFANYA

Kazini penye joto, kunywa maji mara kwa mara: kikombe kimoja kila dakika 15 mpaka 20. Usingoje kiu. Mkojo mweusi kama chai ya rangi unakuambia kwamba maji hayatoshi. Ukinywa na usipobadilika, nenda kwa muganga. Bia na lutuku si maji.

Jilinde na vumbi la madini. Vaa maski, nawa mikono mbele ya kula bukari, usipeleke nguo za kazi katika chumba cha watoto. Kadmiyumu inakaa ndani ya figo miaka mingi na kuliharibu. Mwaka 2009 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven (Ubeleji) walitangaza kwamba katika Katanga, mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha ulikuwa na kobalti, kadmiyumu na risasi kupita ule wa wanaokaa mbali.

Usimeze kila siku dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki bila kumwuliza muganga. Mwenye tansio ao sukari asiache dawa zake.

Nawe mama, angalia watu wa nyumba yako. Uso kuvimba asubuhi, miguu kuvimba, mkojo wenye povu jingi: peleka hospitali. Mtoto aliyeumwa koo ao vidonda vya ngozi, kisha akakojoa mkojo wa rangi ya Koka, usingoje kesho.

Ndugu mfanyakazi, mgonjwa akijulikana mapema anatunzwa, na wengi wanaendelea na kazi yao. Kikopo kile ni chako. Tia mkojo wako mwenyewe.