Mwenye Khofu ya Kutoka Nje Haburutwi

Suala ni lile lile, liwe limeletwa kwa barua au kwa simu: je, kijana wetu aliyejifungia ndani miezi mingi sasa, tumtoe kwa nguvu ili azoee? Nimekwisha jibu hapana mara nyingi, na kwa kuwa jibu la tabibu halikuwatosha waulizaji, leo nawanasihi wasome riwaya, nayo ni Brødre i blodet ya Ingvar Ambjørnsen wa Norwei, iliyotoka mwaka 1996 na ambayo kwa Kiingereza huitwa Beyond the Great Indoors.

Elling, ambaye umri wake wote aliishi chini ya uangalizi wa mama yake, anafiwa naye na kupelekwa katika nyumba ya wagonjwa, ambako anapewa chumba kimoja na Kjell Bjarne, pande la mtu lipendalo chakula na kuwaza wanawake mchana kutwa. Kisha serikali inawapangia wawili hao makazi mjini Oslo, chini ya jicho la Frank, mtumishi wa ustawi wa jamii. Simu ikilia, Elling hafikirii kabisa kuipokea. Kwenda dukani ni safari ya kujiandaa.

Waburutaji hudhani khofu ya namna hii ni uvivu au deko, ilhali Carl Westphal, tabibu wa Berlin, aliieleza tangu mwaka 1871, akitaja wanaume wazima walioshindwa kukatiza viwanja na mitaa mitupu. Moyo huenda mbio, pumzi hupaa, vidole hufa ganzi, na mtu huyakinisha kwamba anakufa. Lakini khofu hiyo, ambayo aghalabu hufika kileleni ndani ya dakika 10, huanza kushuka yenyewe hata asipokimbia. Sasa tazameni mtendalo. Wajomba wawili wanamshika kijana mikono mpaka kituo cha basi, anatetemeka, anatapika, watu wanakusanyika kutazama, nao kwa haya au kwa huruma wanamrudisha nyumbani haraka wakati khofu ingali kileleni. Faraja anayoipata pale anapovuka kizingiti ndiyo ilimu mliyompa: kwamba nje palitaka kumwua na nyumba ikamwokoa. Kesho atajifungia zaidi, na nyinyi mtasema ni mkaidi! Wala msinihoji kwamba hata matabibu huwakabilisha baadhi ya wagonjwa na khofu kubwa kwa mara moja, kwa kuwa njia hiyo, ambayo ni kweli ipo, ina sharti la ridhaa ya mgonjwa na sharti la kubaki pale pale mpaka khofu ishuke, na katika hayo mawili waburutaji hawana hata moja.

Kjell Bjarne haburuti mtu, kwani naye ana khofu zake. Walakini uhodari wa riwaya hii umo katika yale yanayofuata. Usiku wa Krismasi anamkuta Reidun, jirani mjamzito, ameanguka ngazini kwa ulevi, anamsaidia, anampenda, na Elling anabaki peke yake na wivu wake. Ni katika upweke huo anapotoka mwenyewe, usiku, kwenda kusikiliza mashairi, na huko akapata sahibu mpya, mshairi mzee Alfons Jørgensen; baadaye akawa anatunga mashairi yake na kuyaficha ndani ya pakiti za kabichi chachu katika maduka yale yale yaliyomtisha. Upweke huo ulimfaa Elling: Westphal alikwisha ona kwamba wagonjwa wake walipata nafuu wakiandamana na mtu, na nafuu hiyo ni ya kweli, ila rafiki asiyebanduka daima humfanya mgonjwa asiweze kutoka ila naye.

Yaliyobaki ni machache. Daktari apime kwanza moyo na tezi ya shingo. Mgonjwa mwenyewe apange hatua ndogo kuanzia mlangoni, na kila hatua irudiwe kila siku mpaka ichoshe. Dawa kama sertraline husaidia baada ya wiki kadhaa. Diazepam isiwe ya muda mrefu, kwani mwili huitegemea. Asiyeweza kufika kliniki ya afya ya akili, jamaa zake waende waulize kama mhudumu aweza kumfuata nyumbani. Asiye na nafasi ya kusoma atafute filamu ya Elling ya mwaka 2001, aitazame pamoja na mgonjwa, na asimhubirie.