Njia ya Akiba ya Mtandao baina ya Vituo Viwili: Uwekaji na Utatuzi wa Hitilafu kwa Mfano wa Akheri na Jiji la Arusha

1. Utangulizi

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Hata Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma kwa siku mbili. Miezi michache kabla ya hapo, mikongo mingine, ikiwemo sehemu ya SEACOM, ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Tukio hilo lilidhihirisha jambo moja: kuwa na mikongo miwili si sawa na kuwa na njia mbili, iwapo mikongo hiyo inapita mahali pamoja.

Makala haya yanafafanua kanuni hiyo katika kiwango cha taasisi moja. Mfano unaotumika ni taasisi ya kufikirika yenye kampasi Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na ofisi kuu katikati ya jiji la Arusha, umbali wa takriban kilomita 10 kwa mstari ulionyooka. Seva za usajili, ada na matokeo ziko mjini, ilhali wanafunzi wako Akheri. Kiungo kikikatika katika juma la usajili, mwanafunzi aliyekwisha kulipa ada huonekana hajalipa, na jina lake halimo katika orodha ya mtihani.

2. Kuchagua njia zisizo na hatima moja

Kiungo kikuu katika mfano huu ni faiba inayofuata barabara ya Arusha–Moshi. Kosa la kawaida ni kununua faiba ya pili kutoka kwa mtoa huduma mwingine na kuamini kwamba tatizo limekwisha. Kampuni mbili zaweza kutumia mtaro mmoja, nguzo zilezile au kukodi nyuzi katika mkongo mmoja. Barabara inapopanuliwa, shoka moja la tingatinga hukata zote mbili. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba, taasisi inapaswa kudai ramani ya njia ya kila mtoa huduma, kuanzia jengo hadi jengo.

Swali la pili ni mahali ambapo watoa huduma hao hubadilishana data. Iwapo Akheri inahudumiwa na kampuni moja na mjini na nyingine, na kampuni hizo hazikutani katika kituo cha mabadilishano cha Arusha, AIXP, data ya safari ya kilomita 10 yaweza kwenda Dar es Salaam na kurudi. Njia hiyo ni ndefu, na kila hatua yake ni mahali pengine pa kukatikia.

Njia ya akiba inayotofautiana kwa asili na faiba ni redio ya mikrowevu kutoka mnara hadi mnara. Masharti yake ni mawili. Kwanza, matumizi ya masafa yafuate kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Pili, njia ya hewani iwe wazi. Kuonekana kwa mnara wa pili kwa macho hakutoshi, kwa kuwa mawimbi huhitaji nafasi pembezoni mwa mstari wa kuonana. Kwa kiungo cha kilomita 10 katika gigahezi 5.8, nusu kipenyo cha nafasi hiyo katikati ya safari ni karibu mita 11, na angalau asilimia 60 yake, yaani takriban mita 7, isiwe na kizuizi. Katika miteremko ya Meru yenye migrevilea mingi iliyopandwa mashambani, kiungo kilichofungwa leo kikiwa wazi chaweza kuzibwa na matawi baada ya miaka michache. Vipimo vichukuliwe kwa kuzingatia urefu ambao mti utafikia, si ule ulio nao sasa.

Hatimaye, faiba na redio zisitegemee soketi moja ya umeme. Umeme ukikatika na betri ikaisha, njia zote mbili hufa pamoja.

3. Kupanga ruta

Kila kituo kipewe kundi lake la anwani, mathalani 10.10.0.0/16 kwa Akheri na 10.20.0.0/16 kwa mjini. Baada ya hapo ruta zielekezwe njia ipi itangulie.

Utaratibu rahisi ni njia ya kudumu yenye kipaumbele cha chini, inayosubiri njia kuu iondoke. Udhaifu wake ni kwamba ruta huitazama waya iliyo karibu nayo tu. Redio zikipoteza mawasiliano hewani, waya kati ya ruta na redio hubaki hai, na ruta huendelea kutuma pakiti zisikofika.

Utaratibu ulio bora ni itifaki ya OSPF katika viungo vyote viwili. Ruta hutumiana salamu, na jirani asiyejibu huondolewa katika hesabu ya njia. Faiba hupewa gharama ndogo, tuseme 10, na redio gharama kubwa, tuseme 100. Kwa mipangilio ya kawaida ya mitandao ya Etherneti, salamu hutumwa kila sekunde 10, na jirani huhesabiwa kuwa amepotea baada ya sekunde 40. Muda huo unavumilika kwa barua pepe, lakini hukata simu ya mtandaoni. Itifaki ya BFD ikiongezwa, hitilafu hugunduliwa chini ya sekunde moja.

4. Utatuzi wa hitilafu

Uchunguzi ufuate mpangilio: umeme na waya kwanza, kisha ujirani wa ruta, kisha jedwali la njia, na mwisho huduma yenyewe. Dalili tatu hujirudia mara nyingi.

(a) Pakiti huenda, majibu hayarudi. Mara nyingi gharama zimebadilishwa katika ruta ya upande mmoja tu. Data huenda kwa faiba na kurudi kwa redio. Faiawoli iliyoona nusu moja ya mazungumzo huitupa nusu nyingine. Tiba ni kulinganisha jedwali la njia la pande zote mbili na kusawazisha gharama.

(b) Pingi hupita, lakini ukurasa wa mfumo haumaliziki kufunguka. Hali hii hutokea pale njia ya akiba inapopita katika taneli juu ya intaneti. Etherneti hubeba pakiti ya baiti 1,500. Taneli ya GRE juu ya IPv4 huchukua 24, hivyo hubaki 1,476. Pakiti ndogo hupita, kubwa hupotea. Jaribio ni kutuma pingi ya baiti 1,472 isiyoruhusiwa kugawanywa: ikishindwa, na ile ya 1,448 ikafaulu, chanzo kimepatikana. Tiba ni kuweka ukubwa wa 1,476 kwenye taneli na kikomo cha 1,436 kwa sehemu za TCP.

(c) Njia hubadilika kila baada ya dakika chache. Faiba iliyolegea kwenye kiungio hufa na kufufuka, na watumiaji huumia kuliko kama ingekufa kabisa. Ruta ipangwe kusubiri, kwa mfano dakika tano za utulivu, kabla ya kuirudia faiba, huku kiungio kikitafutwa na kurekebishwa.

5. Hitimisho

Njia ya akiba isiyojaribiwa ni dhana tu. Inafaa taasisi ipange siku moja kila mwezi, nje ya saa za kazi, ya kuchomoa faiba kwa makusudi, kupima muda wa kuhama, kufungua mfumo wa ada kutoka Akheri, kisha kuandika matokeo katika daftari la mtandao. Jaribio moja lifanywe wakati wa masika, majani yakiwa yameloa. Aidha, upana wa redio ukiwa mdogo kuliko wa faiba, usajili na malipo vipewe nafasi ya kwanza, na video zisubiri. Hitilafu itakayogunduliwa katika jaribio hurekebishwa kwa utulivu. Isipogunduliwa hapo, mwanafunzi ndiye atakayeigundua, akiwa kwenye foleni ya usajili.