Kokwa ya Seli na Vidonge Vilivyosalia Kabatini



Baada ya darsa la wiki iliyopita, mama mmoja alitujia na jambo lililomtatiza. Mwanawe aliugua mafindofindo, daktari akamwandikia vidonge, na mtoto akapona kabla vidonge havijaisha. Baadaye mtoto alipotokwa na mapunye kichwani, mama akampa vile vilivyosalia. Siku zikapita na mapunye yakazidi kuenea. "Sheikh," akauliza, "dawa ni ile ile na mtoto ni yule yule, mbona haikufaa?"

Jawabu limo ndani ya kitu kidogo kisichoonekana ila kwa hadubini, nacho ni seli. Wataalamu wamezigawa seli za viumbe mafungu mawili: prokariota na yukariota. Majina hayo, aliyoyatumia kwanza mwanabiolojia wa Ufaransa Edouard Chatton mnamo 1925, yametokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kokwa.

Basi na tuifikirie tende. Seli ya yukariota ni kama tende yenye kokwa: maelezo ya urithi wake yamehifadhiwa ndani ya kiini kilichozungukwa na utando. Seli ya prokariota haina kokwa. Urithi wake umo wazi ndani ya ute wa seli. Tena ni ndogo mno, aghalabu mara kumi au zaidi kuliko seli zetu. Bakteria wote ni prokariota. Mwanadamu, mnazi, samaki na kuvu ni yukariota. Hata jikoni makundi haya yapo: mtindi hugandishwa na bakteria, ilhali hamira inayoumua mahamri ni kuvu.

Sasa turudi kwa vidonge. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming huko London mnamo 1928, pamoja na dawa za jamii yake, huzuia bakteria wasijenge ukuta wa seli zao. Ukuta ukidhoofika, seli hupasuka. Seli zetu hazina ukuta huo, ndiyo maana dawa humwangamiza bakteria ikamwacha mgonjwa salama. Lakini mapunye huletwa na kuvu. Kuvu ana ukuta pia, ila umejengwa kwa vitu vingine, hivyo dawa ile haina cha kuvunja. Na kwa kuwa seli zake zimekaribiana na zetu, yataka dawa yake mahsusi, itakayomdhuru yeye bila kutudhuru sisi. Ama virusi vya mafua, hivyo si seli kabisa. Kuvipiga kwa vidonge hivyo ni kupiga hewa.

Madhara hayaishii hapo. Kila tunapozitumia dawa hizi pasipo mahali pake, bakteria dhaifu hufa, walio sugu wakabaki na kuzaana. Siku mtoto atakapozihitaji kwa haki, huenda zisimfae.

Tulimnasihi mama yule ampeleke mwanawe zahanati, naye akaenda. Nasi twawanasihi wazazi wenzetu: dawa iliyoandikwa itumiwe kama ilivyoagizwa, isiwekwe akiba kwa maradhi yajayo, wala isiazimwe kwa jirani. Kutafuta tiba ni katika mafunzo ya dini yetu, na mwili wa mtoto ni amana mikononi mwetu.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.