Kuhesabu Radi

Wingu likitanda juu ya milima ya Mbizi, wenzangu hukimbilia bwenini, nami husimama dirishani. Hunicheka. Kweli napenda kutazama radi, tena naiogopa.

Ufipa yetu ni uwanda ulioinuka, kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, mashariki Ziwa Rukwa, yote mawili karibu mita 1,000 chini yetu. Wakati wa masika hewa yenye mvuke hupashwa moto na jua, ikapanda magengeni, ikapoa, mvuke ukawa wingu. Asubuhi mbingu ni safi. Saa nane wingu limesimama kama mnara. Ndani yake chembe za barafu hugongana hata zikajaa umeme, nao umeme huruka. Hewa unamopita hupata moto ghafula, ikatanuka kwa kishindo: ndiyo ngurumo.

Mimi huhesabu. Nikiona mwanga naanza: moja, mbili, tatu. Sauti huenda kilometa moja kwa sekunde tatu hivi. Basi nikisikia ngurumo kwenye kumi na tano, radi i mbali kilometa tano. Ikiwa chini ya thelathini, yafaa kuingia ndani.

Kwetu husemwa kwamba radi hutumwa na mtu. Sibishani na wazee. Lakini radi hupenda kupiga kilicho kirefu, na katika nyasi zetu kirefu ni mchunga ng'ombe, au mti aliojikinga chini yake.

Juzi nilihesabu ishirini na mbili, nikawaita wachezaji waliokuwa chini ya mkaratusi. Walikuja wakinung'unika.