Njia ya Bara Isiyokuwa na Ramani

Ndugu zangu jamaa, vijana wetu hapa Maskati siku za mapumziko hupanda Jabal Akhdhar, na simu mkononi inawaonyesha kila kona. Si vibaya. Lakini wengi wao hawana khabari kwamba zamani, kabla ya reli, wamo katika wazee wetu waliokwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Ni kilomita kama 1,200, zaidi ya kutoka hapa mpaka Salala, wala msafara haukuchukua ramani.

Njia ilikuwa kichwani mwa kirangozi. Huyu mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, naye ndiye aliyetangulia. Aliyempita alitozwa faini. Wakifika njia panda, huweka vijiti juu ya njia isiyokuwa, au huikata kwa mstari wa mguu, na aliyebaki nyuma na mzigo wake akajua asiingie huko. Katika yote niliyoyasoma juu ya misafara, hili ndilo lililonipendeza zaidi.

Kilichohesabiwa ni maji, si maili. Baada ya Mpwapwa kulikuwa na nyika ikiitwa Marenga Mkali, haina maji ya kunywa. Waliivuka kwa telekeza. Leo tukisema telekeza tunakusudia kumwacha mtu, lakini kwa watu wa msafara ilikuwa ni kuondoka baada ya adhuhuri, vibuyu vimejaa, kulala pasipo maji, kisha kudamka ili wayafikie ya mbele kabla jua halijawa kali.

Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora, Novemba, na Ujiji Februari 1858. Skuli tulifundishwa kuwa waligundua ziwa. Mimi mwenyewe sikulipenda neno hilo, maana walipelekwa na watu waliokuwa wakiijua njia.

Na la pili tusilifiche. Mpagazi wa Kinyamwezi alipatana ujira wake, akabeba mzigo hata wa frasila mbili, yaani ratili 70. Lakini njia hiyohiyo walipitishwa watumwa katika minyororo, nao hawakuwa na khiari ya kwenda wala ya kurudi. Zimo nyumba za Mji Mkongwe zilizojengwa kwa mali ya njia ile. Mtoto akiuliza, aambiwe yote mawili.

Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na misafara ikafa. Kipo kitabu cha Velten cha 1901, Safari za Wasuaheli, kilichokusanya maelezo ya watu wa pwani wenyewe. Zaidi ya hapo, tunao wazee wachache waliohadithiwa na babu zao, na kila mwaka wanapungua.

Basi mwenye mzee nyumbani amuulize majina ya vituo alivyovisikia, kwa mpango wake kutoka pwani, na kipi kilikuwa na maji. Yaandikwe kama anavyoyatamka, yasisahihishwe, yaletwe kwa kitabu cha mwakani.