Kosa moja haliachi mke, sembuse beki

Wapenzi wa michezo kote duniani wana maradhi yanayofanana. Timu ikishinda, sifa zote humwendea mfungaji. Timu ikishindwa, sharti atafutwe mtu mmoja wa kutwikwa lawama, na aghalabu mtu huyo huwa beki. Hapa kwetu maradhi hayo twayajua fika. Hata hivyo, ni nadra kuyaona yakiwa yamekomaa kama katika jiji la Philadelphia, Marekani, ambako mwaka wa 1968 mashabiki wa timu ya Eagles, wakiwa wamechoshwa na msimu mbovu, walimtupia madonge ya theluji hata mtu aliyevaa mavazi ya Baba Krismasi.

Ni katika jiji hilo ambapo jina la James Bradberry liligeuka kuwa mada ya ubishi mkali kuanzia Februari 2023. Bradberry alikuwa beki wa pembeni katika kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa gozi lenye umbo la yai ambao Mkenya mwenzetu, Daniel Adongo, aliuacha uwanja wa raga mwaka wa 2013 na kwenda kuucheza katika timu ya Indianapolis Colts. Kisa cha beki huyo kina funzo kwa kila shabiki, awe wa gozi la yai au la duara.

Kwanza, msomaji na aielewe kazi yenyewe. Katika mchezo huo timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Mchezaji mmoja hurusha mpira kwa mkono, naye mdakaji hukimbia kwenda kuupokea. Beki wa pembeni ndiye humfuata mdakaji huyo, mara nyingi akiwa peke yake, bila mwenzake wa kumsaidia nyuma. Mdakaji anajua aendako, beki hajui. Mdakaji hukimbia akitazama mbele. Beki huanza kwa kurudi kinyumenyume, kisha hugeuka na kutimua mbio kumwandama mtu ambaye tayari ameshashika kasi.

Adhabu za huko nazo hazifanani na penalti yetu. Mwamuzi akiona kosa hutupa chini kitambaa cha njano. Beki akimshika mdakaji jezi au mkono, timu yake huadhibiwa yadi 5, na wapinzani huanza upya hesabu ya majaribio yao. Akimvaa mdakaji kabla mpira haujafika, mpira huwekwa pale pale kosa lilipotendeka, hata kama ni yadi 40 mbele. Fauka ya hayo, tangu mwaka wa 1978 ni marufuku kwa beki kumsukuma mdakaji akishapita yadi 5 za mwanzo. Kabla ya hapo, mabeki wenye miraba minne kama Mel Blount wa Pittsburgh Steelers waliwasukasuka wadakaji uwanja mzima, na hadi leo wengi huiita sheria hiyo kwa jina lake. Ligi ilitaka mabao na msisimko, na gharama yake akalipishwa beki.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Mnamo Februari 12, 2023, Eagles walikutana na Kansas City Chiefs katika fainali ya Super Bowl mjini Glendale, Arizona. Zikiwa zimesalia chini ya dakika mbili, timu zilikuwa sare ya pointi 35. Chiefs walikuwa kwenye jaribio la tatu, karibu na lango la Eagles, na mpira uliorushwa kumwendea JuJu Smith-Schuster haukudakwa. Kumbe kitambaa cha njano kilikuwa kimekwisha kutupwa: Bradberry alikuwa amemshika jezi. Chiefs wakapata majaribio mapya, wakala muda, na zikisalia sekunde 8 Harrison Butker akapiga teke lililopita katikati ya milingoti. Mchezo ukaisha 38 kwa 35.

Mashabiki wakagawanyika. Kuna waliosema mwamuzi ndiye aliyeiharibu fainali, kwani mshiko ule ulikuwa mdogo mno kuamua ubingwa. Wengine wakasema sheria ni sheria, na beki ndiye aliyelitupa kombe. Bradberry mwenyewe angeweza kujificha nyuma ya kundi la kwanza. Hakufanya hivyo. Mbele ya waandishi wa habari alikiri kwamba aliishika jezi, akitumaini waamuzi wangelifumbia macho jambo hilo. Ni wanamichezo wangapi, seuze wanasiasa, walio na ujasiri wa kusema vile saa ile ile ya maumivu?

Shabiki ana haki ya kuhukumu. Amelipa kiingilio, na mchezaji analipwa ili acheze. Lakini hakimu sharti apime ushahidi wote. Kitambaa cha njano ni ushahidi wa kile ambacho mwamuzi alikiona. Si kipimo kamili cha mchezaji. Mnamo Januari 2019, katika mechi ya kuamua nani aende fainali, Nickell Robey-Coleman wa Los Angeles Rams alimvaa mdakaji wa New Orleans Saints waziwazi kabla mpira haujafika. Kitambaa hakikutupwa. Rams walishinda 26 kwa 23 katika muda wa ziada, na beki yule akaenda fainali. Ghadhabu zilikuwa kubwa hata ligi ikaruhusu makosa ya aina hiyo yakaguliwe kwenye picha, utaratibu uliodumu msimu mmoja tu. Mabeki hao wawili walitenda makosa. Mmoja aliponea kwenye jicho la mwamuzi, mwingine hakuponea. Je, twaweza kusema kwa haki kwamba mmoja ni shujaa na mwingine ni msaliti?

Isitoshe, tuyatazame mengine yaliyotokea usiku ule wa Glendale. Eagles walikwenda mapumzikoni wakiongoza 24 kwa 14. Mpira uliomponyoka mrushaji wao, Jalen Hurts, ulikuwa umeokotwa na Nick Bolton na kuzaa pointi kwa Chiefs. Katika robo ya mwisho, wadakaji wawili wa Chiefs walifunga wakiwa peke yao, bila beki karibu, kwa hila iliyokuwa karibu ile ile. Kadarius Toney alirudisha mpira wa teke kwa yadi 65, umbali ambao haukuwahi kufikiwa kwa teke la aina hiyo (punt) katika Super Bowl yoyote. Kubwa kuliko yote, safu ya mbele ya Eagles, ambayo katika msimu wa kawaida ilikuwa imewaangusha warushaji mara 70, haikumwangusha Patrick Mahomes hata mara moja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mrushaji akipewa nafasi ya kusimama na kuangaza, hakuna beki duniani atakayemfunika mdakaji bila kikomo. Mwishowe atachelewa nusu hatua, na mkono wake utaitafuta jezi. Adhabu huandikwa kwa jina la beki, ilhali uzembe ulianza kwa wenzake walioshindwa kumfikia mrushaji.

Kusema kweli, si kila lawama dhidi ya Bradberry ilikuwa ya uonevu. Machi 2023 alipewa mkataba mpya wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 38, kisha msimu uliofuata kasi yake ikapungua bayana. Alikuwa ametimiza miaka 30, umri ambao miguu ya beki huanza kumsaliti. Eagles walianza msimu kwa kushinda mechi 10 kati ya 11, halafu wakaporomoka, hadi walipotolewa na Tampa Bay kwa 32 kwa 9 Januari 2024. Shabiki aliyedai kijana achukue nafasi hiyo alikuwa na hoja. Wakuu wa timu nao waliliona hilo: Aprili 2024 walisajili mabeki chipukizi wawili, Quinyon Mitchell na Cooper DeJean, huku Bradberry akijaribiwa katika nafasi nyingine ya ulinzi kabla ya jeraha kumweka nje.

Februari 9, 2025, timu zizo hizo zilikutana tena katika Super Bowl, mara hii mjini New Orleans. Eagles walishinda 40 kwa 22, na DeJean akaunasa mpira wa Mahomes na kukimbia nao hadi mwisho, siku yenyewe aliyotimiza miaka 22. Vijana wale walistahili sifa. Lakini tusisahau kwamba usiku huo Mahomes aliangushwa mara sita. Safu ya mbele ilitimiza wajibu wake, na mabeki wa nyuma wakaonekana wana mabawa.

Waliomlaani Bradberry hawakuwahi kuhesabu mipira ambayo haikurushwa upande wake mwaka wa 2022, alipoteuliwa katika kikosi cha pili cha mabingwa wa ligi nzima. Beki akiifanya kazi yake barabara, mrushaji humkwepa, na hakuna ampigiaye makofi kwa mpira ambao haukuja. Ndivyo walivyo pia kipa wetu, mlinzi wa usiku na mkunga: twawakumbuka siku wanapokosea. Basi shabiki anapoinua sauti kumzomea beki, na ajiulize kwanza mrushaji aliachiwa sekunde ngapi, na ni nani aliyemwachia.