Kivuli Kama Ushahidi: Namna ya Kubaini Umbo la Gimba la Mbali

Makala haya yanaeleza namna wanaastronomia wanavyobaini umbo la asteroidi na magimba mengine madogo yanayolizunguka jua. Hata kwa darubini kubwa, mengi ya magimba haya huonekana kama nukta tu. Mojawapo ya njia za kuyajua ni kuvizia vivuli vyao.

Gimba linapopita mbele ya nyota, nyota hiyo hupatwa, mithili ya jua linavyopatwa. Kiswahili, basi, tayari kina kitenzi cha kuibeba dhana hii. Kwa kuwa nyota iko mbali mno, miale yake huifikia dunia ikiwa sambamba. Kwa hivyo upana wa kivuli hukaribia kulingana na upana wa gimba lenyewe. Watazamaji hujipanga kukikingama kivuli hicho, kila mmoja akinakili wakati nyota ilipotoweka na iliporejea. Muda huo ukizidishwa kwa kasi ya kivuli, hupatikana urefu wa mstari mmoja unaolikata gimba. Haba na haba hujaza kibaba: mistari ya watazamaji wote ikipangwa pamoja, umbo hujitokeza.

Mfano mzuri ni Arrokoth, gimba la Ukanda wa Kuiper lililogunduliwa mwaka wa 2014. Tarehe 3 Juni 2017, watafiti walijipanga Afrika Kusini na Ajentina, lakini hakuna aliyeona nyota ikitoweka. Tarehe 17 Julai mwaka uo huo, darubini 24 ziliwekwa Patagonia, kusini mwa Ajentina. Mjini Comodoro Rivadavia taa za barabarani zilizimwa, na malori yakaegeshwa ili kuzikinga darubini dhidi ya upepo. Darubini 5 zilinasa kupatwa huko. Mistari hiyo mitano ilidokeza gimba lenye sehemu mbili. Tarehe 1 Januari 2019, chombo cha New Horizons kilipita karibu nalo na kuthibitisha hayo: sehemu mbili zilizoshikana, zenye urefu wa takriban kilomita 36 kwa jumla.

Ikumbukwe kuwa mtazamaji anayeiona nyota iking'aa bila kukatika hapotezi usiku wake. Ushahidi wake huonyesha mahali ambapo gimba halikufika. Hata hivyo, kivuli kimoja husimulia upande mmoja tu. Picha za mwaka wa 2019 zilidhihirisha kuwa sehemu za Arrokoth ni bapa, jambo ambalo kivuli cha Patagonia peke yake hakingeweza kulifichua.